Konga ni Sehemu ya Tiba

Mtu anayepimwa na kukutwa na virusi vya UKIMWI nchini Tanzania leo anakutana na huduma ambayo waliotangulia hawakuipata. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bila malipo katika vituo vya umma. Tangu 2016, mwongozo wa taifa unaelekeza mgonjwa aanzishiwe dawa mara anapogundulika, bila kusubiri kinga yake ishuke. Wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku, na mgonjwa aliye imara hahitaji tena kufika kliniki kila mwezi. Hata hivyo, wapo wanaopita vituo viwili vilivyo karibu na nyumbani wakaenda kuchukua dawa wilaya ya pili. Wapo wanaobandua lebo ya kopo kabla ya kupanda daladala, na wanaotia pamba ndani ya kopo ili vidonge visitoe sauti. Watu hao hawaikimbii dawa. Wanayakimbia macho ya jirani, ya wifi, na wakati mwingine ya mhudumu wa mapokezi.

Takwimu zinaonyesha mahali safari inapokwama. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 kuhusu hali ya UKIMWI ulibaini kwamba, miongoni mwa watu wa miaka 15 na kuendelea wanaoishi na VVU, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali yao. Kati ya hao wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa wanatumia dawa. Na kati ya wanaotumia dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Lengo la kimataifa ni asilimia 95 katika kila hatua. Hatua ya pili imevukwa na ya tatu imekaribia kufikiwa. Iliyobaki nyuma ni ya kwanza, ile ya mtu kukubali kupimwa na kuyapokea majibu. Sababu ni nyingi: umbali wa kituo, kazi zisizotoa nafasi, wanaume kutozoea kwenda kliniki. Lakini hofu ya kubaguliwa imo ndani ya karibu kila sababu, na haiondolewi na kidonge.

Hofu hiyo ndiyo kazi ya konga. Konga ni mtandao wa watu wanaoishi na VVU katika halmashauri, unaounganisha vikundi vya kata na vijiji chini ya Baraza la Taifa la Watu Wanaoishi na Virusi vya UKIMWI Tanzania, NACOPHA. Watu wake ni wakulima, mama lishe, mafundi na wastaafu, na kwa sehemu kubwa hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Humsindikiza mgonjwa mpya siku ya kwanza, humtembelea aliyeacha dawa, huketi na familia iliyomtengea mtu sahani na kikombe. Mjane anapofukuzwa katika shamba la marehemu mumewe kwa madai kwamba yeye ndiye aliyeleta ugonjwa, mara nyingi wanaokwenda naye kwa mtendaji wa kata ni hao.

Mashirika ya kujitolea yana historia ndefu kuliko dawa zenyewe katika ukanda huu. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. TASO ilianzishwa Uganda mwaka 1987, na WAMATA ikaanza Dar es Salaam mwaka 1989, miaka mingi kabla ya mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi kuanza 2004. Wakati huo hospitali haikuwa na tiba ya kuvizuia virusi. Ziara ya nyumbani, uji, sabuni na mtu wa kumshika mgonjwa mkono ndiyo yaliyokuwepo. Dawa zilipofika, zilikuta watu ambao tayari walikuwa wamejifunza namna ya kumwingia jirani aliyejifungia ndani. Ni kosa kudhani kwamba kuja kwa dawa kumeifanya kazi yao iishe.

Kuna jambo ambalo mwanakonga hulifanya na daktari hawezi. Muuguzi akimwambia kijana kwamba ataishi, ataoa na atazaa watoto wasio na maambukizi, anasema kweli. Lakini kijana huisikia kama maneno ya mtu aliye upande wa pili wa meza. Mama aliyetumia dawa miaka kumi na mitano, mwenye wajukuu na kibanda cha mboga sokoni, hahitaji kueleza mengi. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyewahi kuubeba mzigo ule hauoni kuwa usufi, na anayeubeba leo hulijua hilo mara moja.

Pamoja na hayo, vituo vingi vya afya huichukulia konga kama pambo. Huitwa Siku ya UKIMWI Duniani kutoa ushuhuda, ikapigwa picha, ikaagwa. Anayeitumia hivyo hataki kusikia sehemu ya pili ya ushuhuda, inayohusu kituo chenyewe. Ubaguzi hauishi mtaani peke yake. Upo pale mhudumu anapotangaza kwenye foleni kwamba wa dawa hizo wapite dirisha lile. Pale jalada linapowekwa alama ambayo kila mfanyakazi anaijua. Pale mgonjwa anayehitaji upasuaji anapowekwa mwisho wa orodha kila siku bila sababu ya kitabibu. Pale mjamzito anapoulizwa kwa ukali kwa nini amebeba mimba tena.

Baadhi ya tabia hizo hujificha nyuma ya usalama kazini. Hoja hiyo haina msingi wa kisayansi. Tahadhari za kawaida hutumika kwa kila mgonjwa, kwa sababu hali ya wengi haijulikani. Anayevaa glovu mbili kwa anayejulikana na kufanya uzembe kwa asiyejulikana amejiweka hatarini zaidi. Mhudumu akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni takriban watu 3 kati ya 1,000, na dawa za kinga zikianza mapema, kabla ya saa 72, huupunguza zaidi. Kwa upande wa ngono, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulizifuatilia jozi 888 za wenzi ambao mmoja wao alikuwa na virusi vilivyofubazwa. Katika matendo ya ngono yapatayo 58,000 bila kondomu, hakuna hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenzi anayetumia dawa. Kondomu inabaki na kazi yake dhidi ya magonjwa mengine ya zinaa, na mama anayenyonyesha anahitaji ufuatiliaji wa karibu pamoja na dawa za kinga kwa mtoto. Lakini hofu ya kugusana, kula pamoja au kulala wodi moja haina pa kusimama.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya UKIMWI (Kuzuia na Kudhibiti) ya mwaka 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi, na inalinda usiri wa majibu ya vipimo. Udhaifu ni kwamba sheria haijisimamii. Mgonjwa aliyedhalilishwa dirishani hataenda mahakamani, kwa kuwa kufungua shauri ni kutangaza hali yake kwa watu wengi kuliko waliomcheka. Atafanya jambo jepesi zaidi: hatarudi. Kwenye rejesta ataandikwa mtoro, na hakuna safu ya kuandika aliyemfukuza. Hapo ndipo konga inapohitajika, kwa sababu inaweza kuufikisha ujumbe bila kumtaja mtu. Watu watano wakilalamikia dirisha moja, konga husema dirisha, na majina yakabaki salama.

Wapo wenye mashaka, na mashaka yao yanastahili jibu. Wa kwanza husema kwamba wanakonga hawana taaluma, hivyo siri za wagonjwa zitavuja. Hatari hiyo ipo; ipo pia kwa wenye vyeti. Dawa yake ni mafunzo, kiapo cha usiri na taratibu zinazojulikana, ikiwemo sharti kwamba hakuna mwanakonga anayepewa jina au anayemtembelea mgonjwa bila ridhaa ya mgonjwa huyo. Wa pili husema kwamba kujiunga na konga ni kujianika. Ni kweli kwa baadhi, ndiyo maana uanachama hauwezi kuwa sharti la huduma. Mtu ana haki ya kusaidiwa na konga bila jina lake kuingia katika daftari lake, kama alivyo na haki ya kukataa msaada huo. Wa tatu husema unyanyapaa umekwisha. Hao waulizwe kwa nini makopo ya dawa bado hutupwa mbali na nyumba za wenyewe.

Shaka nzito zaidi ni ya gharama. Kujitolea kumekuwa neno la kufichia kazi isiyolipwa. Mwanakonga hutumia nauli yake, muda wa shamba lake na vocha yake kumtafuta mgonjwa ambaye takwimu zake zitaipamba ripoti ya mwingine. Miradi ya wafadhili imeziba sehemu ya pengo hilo, na mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, ilionekana jinsi msaada wa namna hiyo unavyoweza kukatika kwa siku chache. Kazi ambayo afya ya wilaya inaitegemea haifai kuning'inia kwenye uzi huo. Nauli na posho ya konga viingie katika bajeti ya halmashauri, viandikwe kwa jina lake, na vitolewe kwa wakati. Kujitolea maana yake ni kutoa moyo na muda. Hakumpasi mtu kuuza kuku wake ili amtafute mgonjwa wa serikali.

Kwa kituo cha afya, mengine hayahitaji fedha. Mwakilishi wa konga apewe kiti cha kudumu katika kikao cha ubora wa huduma, na malalamiko anayoleta yaandikwe na kujibiwa katika kikao kinachofuata. Dirisha la dawa lipangwe ili anayesimama hapo asitambulike kwa kusimama tu. Mafunzo kazini kuhusu maambukizi yawahusu pia mlinzi, mfanya usafi na karani wa mapokezi, maana mgonjwa hukutana nao kabla ya kumwona daktari. Na mhudumu wa afya anayeishi na VVU, ambaye mara nyingi huficha dawa zake kuliko mgonjwa yeyote, apate ulinzi uleule anaotakiwa kuutoa.

Kwa mgonjwa, la kukumbuka ni kwamba heshima katika kituo cha afya ni haki yake, kama dawa ilivyo. Akidhalilishwa, asiache dawa; aieleze konga, au mganga mfawidhi, au mtu anayemwamini aliyefika kliniki ile kabla yake. Kila anayeacha kimya kimya huondoka na virusi vitakavyoanza kuongezeka tena mwilini mwake, na dirisha lililomwumiza hubaki wazi likimsubiri mwingine.