Mabuti Meupe na Leso ya Kiunoni



Katika toleo lililopita niliahidi kuandika juu ya kushona kanzu. Naomba radhi, kanzu itangoja. Tangu chama kikubali kucheza go-go katika usiku wa miaka ya 1960 hapa chuoni, kila Alhamisi baada ya mazoezi naulizwa swali moja: tuvae nini?

Wengine wanauliza kwa furaha. Wengine, hasa dada waliolelewa kama nilivyolelewa mimi Mombasa, wanauliza kwa sauti ya chini, maana wakilitafuta neno hilo kwenye simu wanaletewa picha za vilabu vya usiku na vitambaa viwili vya kujisitiri. Mmoja amekwisha kusema hachezi.

Turudi lilikoanzia. Whisky a Go Go ilifunguliwa Los Angeles Januari 1964, kwa jina lililotoka klabu ya Paris. Kwa Kifaransa, à gogo ni "tele". Wasichana walicheza ndani ya kizimba cha kioo juu ya ukumbi, watu wakiwatazama kutoka chini. Mwaka huohuo André Courrèges wa Paris alionyesha mabuti meupe ya kisigino kifupi, na haukupita muda vazi likajulikana: gauni fupi la matamvua na mabuti meupe. Sasa tazama kazi yake. Aliye mbali haoni goti likikunjwa, anaona weupe ukipanda na kushuka. Tamvua nalo huendelea kuyumba kiuno kikiwa kimesimama, na mtikisiko mdogo ukaonekana mkubwa. Aliyecheza chakacha hahitaji kufundishwa hili. Leso ya kiunoni hufanya kazi ileile, na chini yake tumevaa dera mpaka miguuni.

Kwa hiyo, dada uliyesema huchezi: vaa suruali nyeusi inayovutika, gauni la magotini lenye mikono, mtandio uliochomekwa ndani ya ukosi, kisha shonea safu mbili za matamvua nyongani. Dansi haitapungua kitu. Nilipomtumia mama picha ya gauni langu, nilingoja jibu nikiwa na hofu. Aliuliza matamvua ni bei gani kwa mita, anayataka kwa mapazia.

Kabla ya kununua, inua mikono yote miwili kama anayeogelea, kwa kuwa kuna mtindo wa hivyo. Pindo likipanda kuliko unavyotaka, liache gauni hilo dukani, hata liwe zuri vipi.

Mtindo mwingine tutakaocheza unaitwa Watusi. Wapenzi wa ngeli watautambua huo wa-: Wamarekani wa mwaka 1962 walikuwa wakicheza na kiambishi chetu bila kujua. Ila dansi hiyo haina udugu na intore ya Rwanda, kwa hiyo tafadhali asije mtu na mkuki na kofia ya singa.

Mazoezini fulana ya pamba, taitsi na raba vinatosha, lakini wiki mbili za mwisho fanya mazoezi na mabuti yenyewe. Mwaka jana nilijizoeza kwa raba wiki tano, mabuti nikayanunua jana yake. Soli ya plastiki, jukwaa limepigwa nta. Mruko wa tatu nikaketi chini mbele ya walimu wote. Watu walipiga makofi wakidhani ndivyo tulivyopanga. Kifundo cha mkono kilivimba wiki tatu, na mtihani wa insha niliuandika kwa mkono wa kushoto. Basi nunua mapema, la mitumba linafaa, uikwaruze soli kwa msasa, na uvae soksi za pamba kwa sababu ya jasho.

Alhamisi nitakuja na cherehani, msasa na mita kumi za matamvua meupe. Njoo na gauni lako, na wewe uliyesema huchezi pia. Nimekuwekea mita mbili.