Jicho la Kushoto Halikungoja

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya tiba yetu,

Nakuandikia kutoka Tibirinzi, Chake Chake, na nitajitahidi heshima yangu ifike mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu nilicho nacho kifuani ni hasira.

Nina kadi mbili. Ya kijani ni ya kliniki ya sukari, ya njano ni ya macho. Zimekaa mkoba mmoja miaka sita, na hakuna siku aliyeshika hii akamwandikia neno anayeshika ile.

Mwezi wa Rajabu nilipangiwa leza, jicho la kushoto. Vijishipa vipya vilikuwa vimeanza kuota kwenye retina, na vijishipa hivyo ni laini, hupasuka kwa urahisi. Kabla siku yangu haijafika, insulini ikamalizika. "Njoo wiki ijayo, mama." Nikaenda, nikaambiwa vile vile. Siku ya leza nikapimwa sukari: 19. Nikarejeshwa nyumbani nikaishushe kwanza. Kwa dawa gani, Mheshimiwa? Walionirejesha hawakujua kuwa dawa haipo. Wasiokuwa na dawa hawakujua kuwa jicho langu lina tarehe.

Siku ya kumi na moja tangu nirejeshwe, nilikuwa barazani nashona kofia. Nikaona uzi mweusi umelala juu ya kitambaa cheupe. Nikaupangusa, hautoki. Nikaikung'uta kofia, nyuzi zikawa mbili, tatu, kisha kama moshi. Ilipoadhiniwa adhuhuri, jicho la kushoto lilikuwa giza. Damu ilikuwa imemwagika ndani.

Boti ya Unguja, nauli ya watu wawili, kulala kwa jamaa siku nne: hayo nayapita. Vidole vya miguu vilivyokufa ganzi navyo navipita. Nazungumzia jicho. Daktari aliyenipokea huko alinieleza kuwa retina ya namna ile haingojeshwi mpaka sukari ishuke. Leza hupigwa, na sukari hushughulikiwa pamoja nayo. Tena sukari iliyokaa juu muda mrefu ikiteremshwa kwa ghafla, retina ambayo tayari ni mbovu inaweza kuzidi kuharibika miezi ya mwanzo. Ndiyo maana macho hutazamwa kabla mgonjwa hajaanzishiwa insulini. Mimi nilianzishiwa bila ya mtu kuniuliza kama naona.

Nilisomesha Bayolojia miaka 31, basi nikarudi vitabuni. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa 1993, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha yote mawili: waliodhibiti sukari barabara, macho yao yakiwa bado mazima, hatari ya retina kuharibika ilipungua kwa 76%, na baadhi ya waliokwisha kuathirika walizidiwa kwanza, kisha wakanufaika. Jambo hili lina zaidi ya miaka 30. Wanafunzi wangu wa mwanzo sasa wana wajukuu.

Naomba daftari moja litakalosomwa na pande zote mbili. Naomba insulini ikikaribia kwisha tuambiwe mapema, si dirishani. Naomba mwenye tarehe ya leza asirudishwe kabla ya daktari wa macho kuitazama retina yake. Na nikiwa nimeshaanza kuomba: kwa nini mgonjwa wa presha, mjamzito na mzee wa figo wote wawe makarani wa maradhi yao wenyewe, wakibeba habari kutoka chumba hadi chumba, na wakisahau neno moja waadhibiwe kwa kiungo?

Kofia ile ipo, haijaisha. Kwa jicho moja sindano naiona, tundu lake silipati; mjukuu hunitungia uzi akitoka skuli.

Jicho la kulia limepangiwa leza mwezi ujao. Nimeambiwa nije na sukari iliyoshuka. Leo asubuhi nimekiinua kichupa cha insulini dirishani nikakitazama. Hakifiki Ijumaa.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Tibirinzi