Pikapu, Kutu na Kweli ya Muuzaji

Katika baraza zetu za mwambao, tangu Vanga hadi Mokowe, kuna sifa moja inayopewa pikapu ambayo haipewi chombo kingine chochote. Husemwa: "Gari hili halifi." Msemaji huwa amekaa kitako, kikombe cha kahawa mkononi, na wanaomsikiliza hutikisa vichwa kukubali. Sisi tuliopitia chuoni tulifundishwa tangu utotoni kwamba asiyekufa ni Mmoja tu. Kwa hivyo neno hilo kila nilisikiapo hunifanya niulize: halifi kwa nini? Na yule aliyelinunua likamfia mkononi, mbona hatumpi nafasi ya kusema?

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiwahoji wenye pikapu: mchuuzi wa samaki wa Shimoni, mpakizi wa makuti wa Matsangoni, muuza madafu wa Mtwapa, mwalimu mstaafu wa Malindi anayekodisha yake, na mafundi wanaozifungua chini ya miembe. Nimefanya hivyo kwa sababu kwetu pikapu si gari tu. Kazi iliyokuwa ya punda, ya mkokoteni na ya mashua ndogo sasa ni yake. Maembe na nazi za Kilifi hushuka nayo soko la Kongowea. Masufuria ya pilau ya arusi huja nayo, na vyombo vya bibi arusi huondoka nayo. Mtu akifariki mbali, aghalabu ndiyo imrudishayo kwao. Watoto wangapi wamesomeshwa kwa pikapu moja! Chombo chenye uzito huo katika maisha yetu kinastahili kuzungumzwa kwa ukweli, si kwa sifa za kurithi.

Sifa hizo hazikuanza jana. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu walichagua gari kwa kusikiliza redio siku za Pasaka. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Nduguye 504 ikashinda 1975 na 1978. Datsun nazo zilichukua 1970, 1971 na 1973, halafu miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Zilizoshinda hazikuwa pikapu, lakini sifa ilizimwagikia ndugu zao wa kubeba mizigo. Mzee Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila ya leseni maalumu mwaka 1973, pikapu nyingi zilifungwa turubali na mabenchi, na jina likazidi kukua. Toyota ilikuwa imekwisha toa Hilux tangu mwaka 1968. Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya juu na anasa. Na yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya gari hilo kutoka Garsen hadi Witu, enzi za barabara ya matope, atacheka akisikia.

Hebu sasa tuwasikilize wenyewe. Mchuuzi wa Shimoni ana pikapu ya dizeli ya zamani, isiyo na kompyuta hata moja ndani yake. Aliniambia haijapata kumharibikia. Nikamwuliza amebadilisha nini tangu ainunue. Akahesabu kwa vidole: klachi mara tatu, radieta mara mbili, na kamani za nyuma hakumbuki ni mara ngapi. Nikamwambia, "Basi wasemaje haijaharibika?" Akanijibu: "Ndugu yangu, kuharibika ni gari kukulaza njiani samaki wakakuozea. Hii haijanilaza."

Hayo ni maneno ya kushikwa. Mwenye kazi hapimi uimara kwa idadi ya spea alizonunua. Hupima kwa kufika. Na kufika huko kuna sababu zake. Injini ya namna ile ina pampu ya chuma inayofanya kazi bila umeme mwingi, na fundi wa kijijini huweza kuifungua kwa spana chache. Tena gari lililo maarufu lina spea kila duka na kila fundi amelizoea. Umaarufu wenyewe umekuwa sehemu ya uimara. Pikapu nzuri isiyokuwa na spea Malindi si nzuri kwa mtu wa Malindi.

Lakini baraza husahau upande wa pili. Ndugu watatu wa upande wa Msambweni waliuza kipande cha shamba la minazi walilorithi kwa marehemu baba yao, wakanunua pikapu iliyotumika. Muuzaji aliwapa neno lile lile: halifi. Injini ililia vizuri, rangi ilimeta, na chini ilikuwa imepakwa rangi nyeusi ya lami, mbichi bado. Mwezi wa saba, likiwa na mzigo wa matofali, chesisi ilikatika nyuma ya kichwa cha gari na mzigo ukaketi barabarani. Kijana aliyekuwa juu ya matofali alivunjika mguu. Fundi alipokwangua ile rangi ya lami alikuta chuma kimekuwa kama mkate wa mofa, ukikigusa chamomonyoka. Shamba limekwenda na gari limekwenda. Aina ya gari siitaji, kwa kuwa kosa halikuwa la jina lake.

Kosa lilikuwa la kutu, na la mtu aliyeificha. Chesisi ndiyo uti wa mgongo wa pikapu. Injini, kichwa na mzigo vyote vimelala juu yake. Aghalabu huundwa mfano wa sanduku refu lililofungwa pande zote, lenye matundu madogo ya kutolea maji. Sisi twaishi na hewa ya chumvi. Twateremsha magari hadi mchangani kupokea mashua, twapakia samaki wenye maji ya bahari yakitiririka, twavuka kivuko cha Likoni mara mbili kwa siku. Chumvi huvuta unyevu wa hewani na kuufanya ushike chuma, na kutu ikaenda mbio. Matope yakiziba yale matundu, chumvi na maji hukaa ndani ya sanduku, na chuma huliwa kutoka ndani kuja nje. Utakapokiona kidonda kwa macho, ugonjwa ni wa siku nyingi.

Wako watakaoniambia kwamba mwaka 2003 kipindi kimoja cha televisheni ya Uingereza, Top Gear, kiliiacha Hilux kuukuu ifunikwe na maji ya bahari, kikaichoma moto, kikaipandisha juu ya jengo lililobomolewa kwa baruti, na bado injini ikawaka. Ni kweli, na ni sifa kubwa kwa walioiunda. Lakini bahari ya Waingereza ilipewa saa chache tu. Bahari yetu hupewa miaka. Injini ikiwaka juu ya chesisi iliyooza, faida yake ni nini?

Na wasidhani kwamba kampuni yenye jina kubwa haina hatari hiyo. Toyota hiyo hiyo huuza Marekani pikapu iitwayo Tacoma tangu mwaka 1995. Katika majimbo ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na wenye Tacoma walianza kuona chesisi zikitoboka. Mwaka 2008 kampuni ilikiri kwamba chesisi za gari za 1995 hadi 2000 huenda hazikupata kinga ya kutosha dhidi ya kutu. Ikarefusha dhamana yao hadi miaka 15, na zile zilizooza sana ikazinunua tena kwa bei inayozidi thamani yake ya sokoni. Mwaka 2016 ilikubali mapatano ya kortini yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4, yakihusu magari kiasi cha milioni moja na nusu. Wenye magari wale walilalamika pamoja, wakaweka kumbukumbu, wakasikilizwa. Sisi kila mmoja hulia peke yake chini ya mwembe wa fundi wake.

Zaidi ya kutu kuna mafuta. Pikapu mpya za dizeli hurusha mafuta kwenye silinda kwa nguvu nyingi mno kupitia matundu membamba sana. Dizeli ni chakula chake, na pia ndiyo inayolainisha pampu. Ikichanganywa na mafuta ya taa, ulaini hupungua na pampu na nozeli hulika. Uchanganyaji huo ulienea hata serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili wachanganyaji wasione faida. Kwa hivyo anayelaumu gari jipya na kulisifu la zamani, na aulize kwanza alinywesha nini.

Na kuna mzigo. Pikapu hizi zimeundwa kwa tani moja hivi. Muuza madafu wa Mtwapa alinieleza bila kuona haya kwamba yeye hupakia "mpaka kamani zicheke". Kamani zikicheka, chesisi yalia, na breki hazitoshi kwenye mteremko. Chombo kikibebeshwa mara mbili ya uwezo wake hakiwezi kulaumiwa kwa kuchoka.

Lakini ninalotaka hasa kulisema leo ni la muuzaji. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi miaka 8, na hilo ni jema. Walakini miaka minane haisemi gari lilikaa wapi. Pengine lilitoka Hokkaido, Japani, kwenye theluji na chumvi ya barabarani. Mita ya kilomita nayo hurudishwa nyuma na mikono ya watu. Nimewasikia madalali wakisema, "Mnunuzi ana macho." Ati macho! Macho gani yanayopenya rangi ya lami?

Chuoni tulisimuliwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni akatia mkono katika lundo la chakula, akakuta chini kumelowa. Alimwuliza mwenye kuuza kwa nini asiuweke ule uliolowa juu watu wauone, akamkemea kwa udanganyifu. Sijui mfano ulio karibu zaidi na chesisi iliyopakwa lami. Fiqhi ya Kishafii tuliyoisoma humpa mnunuzi haki ya kurudisha bidhaa akigundua aibu iliyokuwako kabla ya kuuziwa. Na sheria ya nchi ya kuwalinda watumiaji wa bidhaa, ya mwaka 2012, nayo inakataza kumdanganya mnunuzi juu ya hali ya kitu anachouziwa. Dini na serikali zimekubaliana. Aliyebaki ni dalali.

Basi nasihi yangu ni hii. Anayenunua na aende na fundi wake mwenyewe, si wa kuonyeshwa na muuzaji. Fundi na alale chini, agonge chesisi kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Rangi mbichi chini ya gari kuukuu ni swali linalotaka jibu kabla ya pesa kutoka mfukoni. Anayemiliki na aoshe chini kwa maji baridi kila akitoka pwani, azibue yale matundu, na asipande watu juu ya mzigo. Anayeuza na aandike aibu za gari katika hati ya kuuziana, kisha ataje bei inayolingana nazo. Hatakosa mnunuzi; atakosa laana tu.

Nami, kwa kuwa ni mtu wa mashairi, nawaachia ubeti mmoja:

Mnunuzi chungulia, chini ulale tazama,
Rangi ikikuvutia, usidhani ni salama,
Kutu ikishaingia, chuma huoza mtima,
Nawe unayeuzia, sema kweli ya kilema.