Mushahara ukikatwa, tusianze na matusi

Ndugu wachimbaji, na mama zetu munaongojea mushahara nyumbani: kila mwisho wa mwezi kesi inaturudilia ileile. Mutu anakuta franga zimekatwa, anamutukana shefu, kesho yake anafukuzwa. Deni la mushahara halisemwi tena. Kesi imegeuka ya matusi. Bosi amepona.

Sisi wa sindika tunaomba hivi: kabla ya kusema, andika. Tarehe, saa ulizofanya, franga zilizokosekana, wenzako walioona. Chunga karatasi zote za mushahara. Mama aziweke pamoja na zile za watoto. Kisha muende na delege, usiende peke yako.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kesi ya mufanyakazi inapita kwanza kwa inspekta wa kazi, atafute mapatano. Yakishindikana, ndipo tribinali. Haukupewa kontra ya kuandikwa? Unaweza kuonyesha kwa njia zingine kama ulifanya kazi.

Lakini mushahara usiolipwa unadaiwa mbele ya tribinali ndani ya mwaka 1 tu. Tusilale na madeni yetu.