Ndege Ilikodiwa, Iliazimwa au Ilitolewa?

Lugha yetu ina vitenzi vitatu ambavyo mwananchi wa Kenya hana budi kuvitofautisha: kukodi, kuazima na kupewa. Akodiye hulipa na kudai risiti. Aazimaye hurudisha na kushukuru. Apewaye aghalabu hubaki na deni ambalo halikuandikwa popote. Mimi nifundishaye isimu nimeikumbuka tofauti hii mara nyingi tangu Mei 2024, Rais William Ruto alipozuru Marekani kwa ndege ya kampuni ya Royal Jet ya Abu Dhabi. Maelezo yaliyotolewa wakati huo yaliviborongaboronga vitenzi hivyo vyote.

Yafaa kwanza tuielewe kampuni yenyewe. Royal Jet iliundwa mwaka 2003 kwa ubia wa Presidential Flight, idara inayowasafirisha watawala wa Abu Dhabi, na kampuni ya Abu Dhabi Aviation. Haikuanza mikono mitupu, basi. Ilizaliwa katika nyumba iliyokwisha kuzoea kuwabeba wakuu. Ilikua kwa kutegemea hasa ndege za Boeing 737 zilizopunguzwa viti na kutiwa sebule, vyumba vya kulala na matangi ya ziada ya mafuta. Ndege ambayo katika shirika la kawaida ingebeba zaidi ya watu mia moja, hapa hubeba makumi machache tu.

Biashara hii haifanani na ya Kenya Airways. Shirika la kawaida huuza kiti. Kampuni ya kukodisha huuza ndege nzima, na hesabu yake huenda kwa saa. Mteja hulipia hata safari ya ndege tupu inapomfuata na inaporejea kwao, pamoja na ada za kutua, maegesho, na malazi ya marubani na wahudumu wanaomngoja. Ndege yenye makao Abu Dhabi ikija Nairobi, impeleke mgeni Atlanta, kisha Washington, kisha imrudishe nyumbani, bei yake haiwezi kuwa haba. Magazeti yalikadiria karibu shilingi milioni 200. Rais alijibu kwanza kwamba gharama ilikuwa chini ya ile ya kusafiri kwa Kenya Airways. Siku chache baadaye, katika maombi ya kitaifa, akasema haikufika shilingi milioni 10, kwa kuwa marafiki walisaidia.

Nataka nieleweke vyema. Sisemi kwamba kukodi ndege ni dhambi. Fokker 70 ya Rais ilinunuliwa mwaka 1995, enzi ya Rais Moi, na kampuni iliyoiunda ilifilisika mwaka uliofuata. Isitoshe, ndege hiyo haiwezi kufika Marekani bila kutua njiani kutia mafuta. Mkuu wa nchi anahitaji usalama na nafasi ya kufanya kazi, na huenda kukodi kukawa nafuu kuliko kununua.

Tatizo liko katika pengo la hesabu. Ikiwa Kenya ililipa chini ya milioni 10, basi ama mtu mwingine alilipa kilichosalia, ama mwenye ndege aliisamehe bei yake. Kwa vyovyote vile, hapo kitenzi si kukodi tena, ni kupewa. Nayo Katiba, katika kifungu cha 76, inasema kuwa zawadi apewayo afisa wa Serikali katika shughuli rasmi ni zawadi ya Jamhuri. Jamhuri ni sisi. Je, tumepewa na nani?

Wahenga walinena kuwa mkono mtupu haulambwi. Mnamo Januari 2025 Kenya ilitia saini mkataba wa biashara na Muungano wa Milki za Kiarabu. Siyaunganishi mambo haya mawili, wala sina ushahidi wa kuniruhusu kuyaunganisha. Lakini maadamu rafiki aliyesaidia hatajwi jina, kila mkataba na mgeni yeyote utatazamwa kwa jicho la shaka, hata ule ulio halali na wenye faida. Siri humdhuru hata asiye na hatia.

Si ajabu kwamba katika Kiswahili neno kodi hutumika kwa ushuru wa Serikali na kwa malipo ya mpangaji, nalo lina uhusiano wa wazi na kitenzi kukodi. Vijana waliojaa barabarani Juni 2024 kuupinga Mswada wa Fedha walilielewa neno hilo bila kufundishwa na mhadhiri. Waliambiwa wafunge mkaja, ilhali walikuwa wameiona ndege ya fahari ikiruka.

Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 vinampa mwananchi haki ya kuuliza. Dawa ni nyepesi: kila Serikali inapopanda ndege isiyo yake, mkataba, bei na jina la aliyelipa vichapishwe kabla ya magurudumu kuacha ardhi. Kama ni kukodi, tuone risiti. Kama ni kupewa, tumjue mpaji, ili siku atakapokuja kudai fadhila zake tuweze kumtambua.