Waragi ya Jinja na Mbale: Ladha ipo, uhakika haupo

Katika vijiji vya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, waragi ya kienyeji hupikwa kwa ndizi, muhogo, nafaka au molasi. Mchachu huchemshwa katika pipa, mvuke ukapozwa ndani ya bomba linalopita kwenye maji. Mnunuzi hutikisa chupa atazame mapovu, au huwasha kiberiti. Kipimo chake ni hicho tu.

Tequila ya Meksiko nayo ilianzia mashambani. Lakini jina lake linalindwa kisheria tangu 1974, na ile ya añejo hulazwa katika pipa la mwaloni kwa mwaka 1 au zaidi. Mnunuzi wa mbali hulipia muda na uhakika, si ukali pekee.

Uhakika huo ndio waragi inaokosa. Methanoli haitambuliki kwa mapovu wala kwa ulimi. Kabale, mwaka 2010, iliua makumi ya watu. Mwaka huo huo Kenya ilihalalisha chang'aa, ila kwa leseni. Uganda nayo ilipiga marufuku pombe kali ya vifuko mwaka 2019.

Kwa hiyo jerikeni lisilo na lebo wala stakabadhi, likifika Busia au Malaba, ni hasara ya mwenye gari.

Njia ya kutokea si ngeni. Sheria ya Enguli ya 1965 iliwataka wapikaji wawe na leseni na wauzie kiwanda, ndipo ikazaliwa Uganda Waragi ya chupa. Bila kipimo na jina, faida itaendelea kubaki kwa mwenye kiwanda.