Watu bilioni 1.4 si wateja bilioni 1.4

Mhubiri mgeni tuliyempata Sabato iliyopita alianza vizuri. Alitusomea habari za nchi ya maziwa na asali, akakumbusha kwamba kazi ya Waadventista nchini ilianzia milima hii hii, pale Giti, mwaka 1903, na watu wakaitikia amina ya heshima. Kisha akaharibu. Alichomoa kipande cha tangawizi mfukoni, akakinyanyua juu, akatutangazia kwamba Bwana ametupa hiki mkononi na ng'ambo ya bahari ametuandalia Wachina bilioni 1.4. "Kila mmoja wao akitafuna kipande kimoja tu kwa mwaka, nani atabaki maskini Upareni?" Amina iliyofuata ilitikisa mabati.

Mimi sikuitikia. Mama aliyekaa kando yangu akanitazama kama aliyeona mpagani.

Sina ugomvi na mhubiri. Nimechoka na hesabu yake. Nimeisikia kwenye mikutano ya vijiji, nimeisikia misibani, nimeisikia ndani ya Noah ya kushuka Same mjini nikiwa nimebanwa na ndoo ya mtu, na ninaisoma katika maandiko ya miradi ya vijana waliotoka chuo juzi. Kinachobadilika ni zao tu. Mwaka huu tangawizi, mwaka jana parachichi, kabla yake soya. China yenyewe haibadiliki: imekaa pale, imeachama, inasubiri tuitupie.

Tena hesabu hii ni kuukuu. Enzi za Malkia Victoria, wenye viwanda vya nguo wa Manchester walijipa moyo kwamba kila Mchina akirefusha shati lake kidogo tu, mashine zao hazitasimama kamwe. Mwaka 1937 Carl Crow, Mmarekani aliyeendesha wakala wa matangazo mjini Shanghai, alichapisha kitabu kizima kuhusu wateja milioni 400 wa China na wageni waliowaendea na ndoto ya aina hiyo. Leo viwanda vingi vya Manchester vimegeuzwa nyumba za kuishi, na mashati ya Waingereza yanashonwa Asia. Ndoto haikufa. Ilihamia kwetu, na sasa inatumia kipaza sauti.

Basi wasomaji wangu wakae vizuri, maana naisema polepole. Nchi inayouza tangawizi nyingi kuliko zote nje ya mipaka yake ni China. India hulima nyingi zaidi, lakini nyingi huila yenyewe. Anayejaza makontena ni China. Mkoa wa Shandong hutoa tangawizi nene, iliyooshwa na kupangwa kwenye maboksi, inayokwenda Pakistan, Bangladesh, nchi za Ghuba, Uholanzi na Marekani. Huyo ndiye tunayetaka kumpelekea magunia yetu kutoka Mamba Miamba. Ni kwenda Moshi na mkungu wa ndizi kichwani ukitafuta mnunuzi.

Kila nikiyasema haya hujibiwa: "Lakini wako wengi." Ndiyo, wako wengi. Na wanalima tangawizi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba waliodanganyika ni Wapare. Nchi nzima inatutania kwamba Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku, na mimi utani huo huuchukua kama sifa. Kwenye ndiva, mabwawa yetu ya kumwagilia, maji hugawiwa kwa zamu, na mtu akila zamu ya mwenzake patachimbika. Mwaka 1945 babu zetu walishuka Same kwa maelfu, wakapiga kambi kuikataa kodi ya mbiru, maana walitaka kujua utajiri wa mtu unakadiriwa kwa kipimo gani. Mkoloni mwenye bunduki alidaiwa aeleze hesabu yake! Leo anasimama mtu, anataja bilioni, na wajukuu wa watu wale wanapiga makofi. Kodi tuliihoji, ndoto tunaimeza bila maji.

Wapo walionijibu kwamba kuihoji biashara na China ni kuutukana urafiki alioujenga Mwalimu. Hoja hii naipenda kwa udhaifu wake. Mwalimu Nyerere alikwenda Beijing Februari 1965, na Chou En-lai akaja Dar es Salaam Juni mwaka huo huo. Naomba nionyeshwe ni yupi kati yao aliyeahidi kununua tangawizi. Halafu hao wanaoapa kwa jina la reli ya TAZARA wangejisumbua kujua ililipiwaje. Ni kweli mkopo wa Yuan milioni 988 haukuwa na riba. Ni kweli reli ya kilomita 1,860 ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na Wachina walikufa kazini wakazikwa katika ardhi yetu. Lakini sehemu kubwa ya gharama za ndani, pamoja na mishahara ya vibarua, ilipatikana kwa Tanzania na Zambia kuchukua bidhaa za China kwa mkopo na kuziuza madukani. Yaani hata undugu ulipokuwa wa moto kabisa, mwenzetu hakuacha daftari nyumbani. Simlaumu, namvulia kofia. Ninaowalaumu ni sisi tunaokwenda mezani na maua.

Wengine, wajuaji kidogo, wananiambia mlango umeshafunguliwa: tangu tarehe 1 Desemba 2024 China imefuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi zilizo nyuma kabisa kimaendeleo zenye uhusiano nayo wa kibalozi, na Tanzania imo. Vizuri sana. Ushuru sifuri wa kitu ambacho hukiuzi ni unafuu wa shilingi ngapi? Parachichi letu liliruhusiwa Novemba 2022, Rais Samia alipokwenda Beijing, tukashangilia kana kwamba meli imeshang'oa nanga. Kumbe ruhusa ina masharti yake. Shamba lisajiliwe, nyumba ya kufungashia isajiliwe, wadudu waliotajwa kwenye orodha wasionekane, na mzigo ukaguliwe huku na huko. Mwenye miti michache nyuma ya jiko, anayeangua kwa kutikisa tawi, hakuruhusiwa chochote. Aliyeruhusiwa ni mwenye shamba kubwa na chumba cha baridi. Lakini aliyeshangilia kwa sauti kubwa ni yule wa nyuma ya jiko.

Mtasema: kwani China hainunui kitu kwetu? Inanunua, tena sana. Inanunua ufuta. Inanunua mkonge, na mkonge ni wa hapa hapa wilayani, maana mtu akishuka Makanya au Ndungu atauona. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, miche mingi ikafa njiani ikabaki 62, na kutokana na miche hiyo nchi ikajaa mashamba. Leo China ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa singa za Tanzania, na sijawahi kusikia mahubiri yoyote kuhusu jambo hilo. Halihitaji mahubiri. Mnunuzi anataka singa, muuzaji anazo, na mkonge una madaraja yanayojulikana: 3L, UG na mengineyo. Mtu wa ng'ambo akitaja daraja, mtu wa shambani anajua anachotakiwa kufunga kwenye robota. Tangawizi yetu ina daraja gani? Lumbesa.

Na wale wanaojivunia bahari, kwamba sisi tuna bandari na mataifa mengine yamefungiwa bara, waangalie Rwanda. Nchi ndogo, haina hata mita moja ya pwani. Kontena lake husafiri zaidi ya kilomita 1,400 kupitia Rusumo mpaka Dar es Salaam, likipita kila mzani wetu na kila trafiki wetu. Sisi wa Same tunafika bandari ya Tanga kwa asubuhi moja. Nani ameuza kwa jina lake? Oktoba 2018 Rwanda ilizindua na Alibaba ya Jack Ma mpango wa biashara ya mtandaoni. Mei 2020, dunia ikiwa imejifungia kwa korona, kahawa ya Rwanda ikanadiwa mubashara kwa watazamaji wa China, na pakiti zikaisha kufumba na kufumbua. Wanyarwanda hawakuwatafuta watu bilioni. Waliwatafuta wanywaji wa kahawa waliokuwa na simu mkononi usiku ule.

Sisi hata jina tumeazimwa. Wajapani, hao hao waliotujengea skimu ya mpunga ya Ndungu, kahawa ya Tanzania huiita Kilimanjaro, hata ikiwa imevunwa Mbinga. Kahawa ya Upare nayo imefunikwa humo humo. Jirani amepata jina, sisi tumepata mteremko.

Tena msidhani nakataa kwamba biashara na China ipo milimani kwetu. Ipo kila siku: inapanda, haishuki. Tangawizi inabebwa kwa pikipiki ya Kichina, dereva amevaa malapa ya Kichina, usiku anachaji simu kwa sola ya Kichina. Kinachoshuka mlimani kinaishia kwa dalali wa barabarani, anayekaza kamba juu ya gunia lililovimba kilemba kama maharusi. Lumbesa imekatazwa na sheria, kila mtu anajua, na kila siku ya gulio inafungwa hadharani. Hapo mkulima anapoteza fedha bila kuvuka hata daraja la kijiji, achilia mbali Bahari ya Hindi. Kiwanda cha tangawizi cha Mamba Miamba, ambacho Anne Kilango Malecela alikipigania kwa miaka mingi akiwa mbunge, kimekuwa cha kuwaka na kuzimika. Barabara ya Same, Kisiwani hadi Mkomazi imeahidiwa lami katika kampeni nyingi kuliko nyimbo za kampeni zenyewe. Ajabu ni kwamba vikosi vya kufyeka mirungi vikitumwa, vinafika mpaka kwenye makorongo ambayo mbuzi wangesita. Mnunuzi wa tangawizi ndiye anayeambiwa njia haipitiki.

Na wanunuzi tunao! Mkenya anavuka na lori lake, ana fedha taslimu, anataka mzigo leo, kwa sababu Nairobi na Mombasa chai bila tangawizi hainyweki. Dar es Salaam wanaitaka, Zanzibar wanaitaka. Mkenya anayekuja tunamwita mlanguzi. Mchina asiyekuja tunamwita soko. Badala ya kukaa na huyu wa kwanza tukakubaliana kilo, bei na ubora, tunamzungusha na kumkasirikia, huku mate yakitutoka kwa yule wa pili, ambaye ghala lake limejaa tangawizi kuliko yetu.

Halafu maofisa wetu wanapanda ndege kwenda maonesho. Wanarudi na picha wameshika kipeperushi mbele ya bendera mbili, na posho imeisha. Ukiuliza oda iko wapi, unaambiwa "tumefungua fursa". Fursa hiyo imefunguliwa mara nyingi mno. Nashangaa bawaba zake bado zipo.

Kwa hiyo naomba halmashauri, makanisa, misikiti na hata kamati za harusi ziweke utaratibu. Anayetaka kuitaja China mbele ya wakulima aulizwe maswali matatu. Nani ananunua, kwa jina na anwani? Kilo ngapi, na lini? Daraja gani, na limepimwa na nani? Akijibu yote, mimi mwenyewe nitambebea begi mpaka stendi. Akishindwa hata moja, akae chini, mwenyekiti aendelee na ajenda ya lumbesa.